FABRE, MZEE WA MIZOGA

Hebu msomaji mpenzi, nikuulize: ukipita kando ya mzoga wa mbwa barabarani wewe hufanya nini? Bila shaka utaziba pua, uteme mate na kuongeza mwendo. Nami nilikuwa hivyo hivyo hadi muhula wa pili mwaka jana. Sisi wa shule ya kutwa hutembea asubuhi na jioni, na kwenye njia yangu kulikuwa na mbwa aliyegongwa na gari akatupwa mtaroni. Nilimpita kila siku mara mbili, nikajikuta namtazama. Siku ya kwanza walikuwa nzi wa kijani tu, wanang'aa kama karatasi ya peremende. Baada ya siku nne tano funza walikuwa wanachemka tumboni mwake kama uji jikoni. Wiki ya pili funza wote hawapo! Wamekwenda wapi, nami sikuona hata mmoja akiondoka? Na baadaye, ilipobaki ngozi kavu na mifupa, wakaja vijidudu vyeusi vyenye mabawa magumu.

Wenzangu darasani waliponisikia nikisimulia habari hizi walinipa jina ambalo sitaliandika hapa. Lakini mwalimu wetu wa bayolojia hakucheka. Aliniambia kwamba palikuwa na mzee mmoja huko Ufaransa aliyeupoteza usingizi wake kwa maswali kama yangu, na jina lake ni Jean-Henri Fabre. Haya basi, nimemtafuta mzee huyo, na nimeona si vizuri nimle peke yangu.

Fabre alizaliwa Desemba 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa, pahali pa mawe na baridi. Wazazi wake walikuwa hohehahe. Alipokuwa bado mdogo alipelekwa kulelewa na babu na nyanya yake waliokuwa wakulima wa kondoo na ng'ombe, na huko ndiko alikoanza kuokota konokono na mbawakawa na kuwatia mfukoni. Alipofika miaka saba alirudishwa kwao aanze shule. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja, na mwalimu alikuwa ndiye kinyozi wa kijiji na ndiye mpiga kengele wa kanisa. Nguruwe na vifaranga waliingia darasani walivyotaka. Sisi tunaolalamika juu ya madirisha yaliyovunjika, tujue wenzetu walisoma na nguruwe.

Baadaye baba yake alihamia mjini Rodez, mwaka 1833, akafungua mkahawa. Haukufaulu. Alijaribu tena mji mwingine, na mwingine, kote huko akifunga mlango na kuhama. Mtoto alisoma bila karo kwa kuwa alihudumu kanisani siku za ibada, lakini mwishowe mambo yalikwenda mrama kabisa na kijana akalazimika kujitegemea. Aliuza malimau kwenye maonyesho ya Beaucaire. Alibeba mchanga na mawe pamoja na vibarua waliokuwa wakijenga reli. Siku nyingine alilala na njaa. Wakati huo alikuwa kijana wa rika letu sisi wa Kidato cha Tatu, na ndiyo maana sehemu hii niliisoma mara mbili. Halafu akasikia kuna mtihani wa kupata nafasi ya bure katika chuo cha walimu cha Avignon. Akaufanya, akashinda. Kozi ya miaka mitatu akaimaliza kwa miwili, na mwaka 1842, kabla hajafika miaka kumi na tisa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Carpentras.

Kutoka hapo alijisomea usiku mwenyewe, kwanza hisabati, kisha fizikia na kemia, akafanya mitihani ya chuo kikuu akapita. Mwaka 1849 alitumwa kisiwa cha Corsica kufundisha fizikia. Huko alikutana na mtaalamu mmoja, Moquin-Tandon, ambaye jioni moja alimwonyesha namna ya kumpasua konokono ndani ya bakuli la maji kwa kutumia mkasi na sindano za kushonea. Ni somo moja tu, lakini lilimgeuza. Hisabati ikawekwa kando, wadudu wakashika nafasi. Homa ilimrudisha bara, na kuanzia 1853 akawa mwalimu mjini Avignon kwa karibu miaka kumi na minane. Utafiti wake wa kwanza uliomletea sifa, mwaka 1855, ulihusu nyigu anayewinda mbawakawa na kuwadunga sindano mahali barabara pa mishipa ya fahamu, wasiweze kusonga wala wasioze, ili watoto wake wapate nyama mbichi. Darwin wa Uingereza alimtaja Fabre katika kitabu chake kikubwa cha 1859, na baadaye waliandikiana barua.

Usidhani sifa zilileta mkate. Mshahara ulikuwa mdogo na watoto walikuwa wengi. Kwa miaka kadhaa Fabre alijaribu kutengeneza rangi nyekundu safi kutokana na mizizi ya mmea uliolimwa sana sehemu hizo, akitumaini atapata fedha za kutosha ili aache kuhangaika. Alifanikiwa! Serikali hata ikampa nishani mwaka 1868. Lakini mwaka uo huo wanakemia wa Ujerumani wakagundua jinsi ya kuunda rangi ile ile kutoka kwa lami ya makaa ya mawe, kwa bei ya chini, na kazi yake yote ikaenda na maji.

Pigo kubwa zaidi lilikuja kwa sababu ya wasichana. Waziri wa elimu, Victor Duruy, alikuwa amefungua masomo ya jioni kwa watu wazima na kwa wasichana, ambao zamani hizo hawakuhesabiwa sana katika sayansi. Fabre aliyafundisha kwa moyo, na watu walifurika. Kosa lake ni kwamba aliwaeleza wasichana jinsi maua yanavyorutubishwa. Poleni na ovari, mambo tunayoyasoma sisi na hakuna anayeshtuka! Wakubwa wa mji walikasirika, Duruy mwenyewe alikuwa ameshaondoka madarakani, na mwaka 1870 Fabre alipoteza kazi. Kina bibi wawili waliokuwa na nyumba aliyopanga wakampa mwezi mmoja ahame. Hakuwa na akiba. Aliyemwokoa ni rafiki yake Mwingereza, mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyekuwa akiishi Avignon karibu na kaburi la mkewe. Alimkopesha faranga 3,000 bila hati yoyote, na Fabre akalipa deni lote kwa fedha za vitabu vya shule alivyoandika. Alihamia Orange, akaandika usiku na mchana.

Mnamo 1877 akafiwa na mwanawe Jules, kijana wa miaka kumi na sita, aliyekuwa msaidizi wake hodari wa kuwatafuta wadudu na maua. Baba mwenyewe aliugua karibu afe. Alipoinuka aliwapa aina tatu za nyigu jina la mtoto huyo. Nimejiuliza mara nyingi kama ningependa jina langu lipewe nyigu. Nadhani ndiyo.

Mwaka 1879, akiwa na miaka hamsini na mitano, alipata hatimaye kile alichokitamani tangu ujana: kiwanja chake mwenyewe. Kilikuwa katika kijiji cha Sérignan, kama hekta moja ya mawe na miiba, ardhi ambayo hakuna mkulima angeitaka hata bure. Wenyeji huita ardhi ya namna hiyo harmas. Kwake ilikuwa pepo, kwa maana miiba ilileta nyuki na nyuki walileta nyigu. Hapo ndipo alipoishi miaka thelathini na sita iliyobaki, na hapo ndipo tunapofika kwenye mizoga.

Fabre alijiuliza swali rahisi. Kila siku wanyama wadogo wanakufa mashambani, fuko, vyura, mijusi, nyoka, ndege. Mbona hatuwaoni wamejaa kila mahali? Ni nani anayefagia? Aliamua kuwaita wafagiaji nyumbani. Alichukua mianzi mitatu akaifunga pamoja juu kama mafiga yaliyosimama, chini yake akaning'iniza bakuli la udongo lililojaa mchanga, kwenye kimo cha mtu ili paka asifike. Lilitobolewa kidogo ili mvua ipite. Akatengeneza kadhaa za namna hiyo. Nyama zenyewe aliletewa na watoto wa jirani: nyoka juu ya fimbo, mjusi ndani ya jani la kabichi, fuko waliouawa na wakulima. Aliwalipa sarafu ndogo kwa kila mzoga, na biashara ikanoga. Fikiria harufu ya uwanja ule wakati wa kiangazi! Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu aliinama mpaka pua ikagusa.

Wa kwanza kufika walikuwa chungu, ambao walipanda hadi juu ijapokuwa bakuli lilikuwa linaning'inia. Nyuma yao nzi wa kijani. Nzi huyu hutaga mayai yake chini ya mzoga penye kivuli, wengi wakikusanyika pamoja, na Fabre aliwaona chungu wakiyaiba mayai chini ya mkia wa nzi mwenyewe wala nzi hajali. Mayai ni mengi. Nzi wa kijivu mwenye mistari mgongoni ni tofauti. Yeye hatagi, bali huzaa funza walio hai tayari, huwadondosha haraka na kuondoka. Huu ni ulinganisho niliopenda: mmoja hukaa chini akataga polepole kama mtu aliyekuja harusini, mwingine hupita kama mpeleka barua.

Lakini funza hulaje, na hana meno? Ana kulabu mbili nyeusi tu mdomoni, na Fabre alishuku kwamba hizo ni za kujivutia mbele wala si za kutafuna. Ili ajue alichukua ute mweupe wa yai lililochemshwa likawa gumu, akaukata vipande kama punje za njegere, akavitia katika vichupa viwili vya kioo. Kimoja akakiwekea mayai ya nzi wa kijani, kingine akakiacha hivyo hivyo. Baada ya siku chache ute usio na funza ulikuwa bado mgumu, umeanza kukauka. Ule wenye funza ulikuwa umegeuka maji matupu, hata baadhi ya funza wakazama humo wakafa! Basi funza hali, anakunywa. Hutema mate yanayoyeyusha nyama kwanza, kisha hunywa mchuzi. Yale tunayosoma juu ya mmeng'enyo tumboni, yeye huyafanya nje. Ndiyo maana mbwa wangu wa mtaroni alikuwa amelowa vile.

Na wale walitoweka wapi? Fabre alinijibu, miaka zaidi ya mia moja kabla sijauliza. Funza akishiba huondoka na kujizika ardhini, huko akawa pupa ndani ya ganda jekundu la kahawia, na nzi anapotoka paji la uso wake hupasuka, hutoka kibofu laini kinachovimba na kunywea, kuvimba na kunywea, kikisukuma mchanga hadi afike juu. Fabre aliwazika pupa ndani ya neli zenye mchanga wa vina mbalimbali. Kadiri kina kilivyozidi ndivyo walivyopungua waliofika juu.

Kuhusu nzi wa buluu, yule mkubwa anayevuma dirishani, alifanya jaribio ambalo kila mama anaweza kulifurahia. Aliwaweka ndege waliokufa mahali wazi. Nzi alitaga kwenye mdomo na macho, palipo laini. Akamvika ndege kofia ya karatasi, nzi akahangaika kutafuta jeraha. Akamfunga ndege mzima ndani ya karatasi, basi! Nzi walitembea juu yake wasitage, na ndege akakauka bila funza hata mmoja. Fabre akashauri wauza ndege watumie bahasha za karatasi. Mimi sikuamini mpaka nilipochukua vichwa viwili vya samaki sokoni, kimoja nikakifunga vizuri kwa gazeti kuukuu na kingine nikakiacha wazi nyuma ya choo. Siku ya tatu kimoja kilikuwa kinatembea chenyewe. Cha gazeti kilinuka sana lakini hakikuwa na funza. Mama aliuliza kuna nini huko nyuma, nikasema ni kazi ya shule.

Wanaofuata hawakuja kwa nyama. Kuna mbawakawa mdogo, mweusi, anayeng'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, ambaye huja kuwala funza wenyewe. Wasingekuwa hao, nzi wangetujaa mpaka kwenye vikombe. Mchuzi ukishakauka huja mbawakawa wa ngozi, mwenye manyoya tumboni, ambaye anataka kile tu wengine walichokiacha: ngozi, mishipa mikavu, vipande vilivyoganda mifupani. Huyo husafisha mifupa hadi iwe myeupe. Nadhani ndiye, au binamu yake, niliyemwona mwishoni. Tazama zamu zao zilivyopangwa, kila mmoja na saa yake. Kwa sababu ya zamu hizo, siku hizi wataalamu huweza kukadiria mtu amekufa tangu lini kwa kuwatazama wadudu waliopo. Mfaransa mwingine, Mégnin, ndiye aliyeandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1894.

Lakini aliyempendeza Fabre kupita wote ni mbawakawa mchimba kaburi, mweusi mwenye mikanda ya rangi ya chungwa. Huyu hataki kugawana na nzi. Akimpata panya aliyekufa huingia chini yake, dume na jike, mara nyingine na wasaidizi, na kuufukua udongo kutoka chini hadi mzoga uzame wenyewe polepole kama mashua iliyotoboka. Huko chini humnyoa manyoya, humviringisha kama tonge, na watoto hulelewa hapo. Baba naye hubaki kulea, jambo ambalo kwa wadudu ni adimu sana. Leo tunajua zaidi, kwamba wazazi hawa huwalisha watoto mdomo kwa mdomo, na huupaka mzoga majimaji yanayozuia kuoza.

Kwa sababu ya ustadi huo watu walianza kusimulia hadithi. Mjerumani mmoja wa zamani, Gleditsch, alikuwa ameeleza kwamba chura aliyewekwa juu ya kijiti aliangushwa na mbawakawa hawa waliochimba chini ya kijiti. Eti wanafikiri kama binadamu! Fabre hakubisha kwa maneno. Aliwaweka mbawakawa kwenye kizimba chenye mchanga, akachomeka kijiti kwa mshazari na kumfunga fuko juu yake ili sehemu ya mwili iguse chini mbali na shina la kijiti. Wangekuwa na akili za kuelewa kijiti ndicho kinachomshikilia, wangechimba kwenye shina. Hawakufanya hivyo. Walichimba chini ya fuko, kama wafanyavyo siku zote. Alipomfunga mnyama kwa kamba za majani makavu walizikata upesi, kwa kuwa mizizi ya nyasi huwazuia kila siku na wamezoea kuikata. Alipotumia waya walishindwa. Tena, mafundi hawa wa kuchimba, wakiwekewa kizimba cha waya, walizunguka-zunguka ukingoni na karibu wote wakabaki ndani, ilhali wangeweza kuchimba shimo dogo na kupita chini. Kwa Fabre huo ulikuwa ushahidi kwamba wanaongozwa na silika, yaani ujuzi wa kuzaliwa usioweza kutoka nje ya njia yake.

Mimi namkubali kwenye waya na kijiti. Pale aliponipotea ni alipotumia silika hiyo kumkataa Darwin, akidhani kwamba kazi kamilifu namna hii haiwezi kuwa ilikua kidogo kidogo kwa vizazi vingi. Hapo alikosea, na wanasayansi waliokuja baadaye wameonyesha hivyo. Lakini alikosea akiwa amepiga magoti mchangani. Wengi wetu hukosea tumeketi.

Haya yote aliyaandika kwa lugha ya kawaida ambayo mtoto aliweza kuisoma, na baadhi ya wasomi wakamdharau kwa hilo, eti kitu kinachoeleweka si sayansi. Kitabu cha kwanza kilitoka 1879 na cha kumi 1907. Mkewe wa kwanza alikufa 1885, akaoa tena miaka miwili baadaye na kupata watoto wengine watatu, ambao aliwafanya wapelelezi wake bustanini. Fedha hazikuja. Vitabu viliuzwa polepole mno, na mzee alikuwa amekaribia tisini marafiki walipoamua kumfanyia sherehe pale Sérignan mwaka 1910. Ndipo magazeti yalipomgundua, na watu wakaanza kununua. Mwaka 1913 Rais Poincaré alifika kijijini kumsalimu. Kufika wakati huo macho yalikuwa yamefifia na miguu haikumchukua tena hadi kwenye mabakuli yake.

Alifariki tarehe 11 Oktoba 1915, vita vikuu vikiendelea, akiwa na miaka tisini na moja. Alizikwa Sérignan. Serikali ilinunua nyumba na kiwanja mwaka 1922, na ni makumbusho mpaka leo. Ndani imehifadhiwa meza yake ya kuandikia, meza ndogo ya mbao ambayo unaweza kuiinua kwa mkono mmoja.